Muulize Mwalimu: Fidla ya babu na usaili wa Minnesota

Mwezi huu nyumba moja ya Chumbageni imeikalia safu yangu karibu yote. Mama mtu aliandika kwanza, babu akasikia, naye akaleta ya kwake. Wote wawili wameniruhusu nizichape mradi majina yasitajwe. Walioniuliza bei za vinanda vya mitumba wanisamehe mpaka toleo lijalo.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Chumbageni hapa Tanga. Binti yangu mkubwa ana miaka 15. Fidla kafundishwa na baba yangu mzazi tangu yuko darasa la nne, na anapiga vizuri, sisemi hivyo kwa kuwa ni wangu. Babu yake humchukua maharusini na watu humtunza. Sasa mjomba wake aliyeko Marekani, jimbo la Minnesota, anamchukua akasome huko, na shule imeshapatikana. Shule hiyo ina okestra. Mwalimu wake ametuma ujumbe kwamba wanafunzi wapya watafanyiwa usaili wiki ya kwanza ya masomo, mwezi wa Septemba: skeli mbili (ngazi za sauti za kupanda na kushuka), kipande kimoja cha dakika mbili au tatu, na kusoma nota ambazo mtoto hajawahi kuziona. Mwanangu nota hajui hata moja, kila kitu anapiga kwa sikio. Mjomba anasema kwenye fomu tujaze kwamba anasoma "kidogo", mengine atayajulia hukohuko. Mimi naogopa watamcheka. Aiache fidla akasome masomo tu? Na kama ni kwenda, apige nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. La fomu nalimaliza kwanza kwa kuwa ni fupi. Msijaze uongo. Katika usaili mzima hakuna kitu kigumu kughushi kama kusoma nota papo kwa papo. Mwalimu anaweka karatasi mbele ya mtoto, anampa nusu dakika au dakika moja aitazame, kisha anasema haya, anza. Asiyejua hujulikana kabla mstari wa kwanza haujesha. Mjomba nia yake njema, lakini siku ile atakayekaa kwenye kiti si yeye.

Badala yake mwandikieni yule mwalimu barua pepe fupi, na aandike binti mwenyewe. Aseme amepiga fidla kwa miaka kadhaa, amefundishwa kwa sikio, anapiga taarabu pamoja na watu wazima mbele ya hadhira, na kwamba ameanza kujifunza kusoma. Kisha aulize skeli zipi zinatakiwa na za oktava ngapi (oktava ni ngazi moja kamili, toka sol hadi sol ya juu yake), kipande kichaguliwe na nani, na kama yapo mazoezi ya kusoma ambayo mwalimu huwapa wanafunzi wake. Walimu wa okestra hupenda sana mtoto anayeuliza mapema. Na "anapiga mbele ya hadhira" si maneno madogo: watoto wengi watakaoingia chumba kile siku hiyo hawajawahi kupiga mbele ya watu waliokaa na sahani ya pilau huku wakizungumza.

Sasa, hiyo okestra ni kitu gani. Mara nyingi okestra ya sekondari kule ni ya nyuzi peke yake: fidla, ndugu zake wakubwa viola na cello, na lile besi kubwa la kusimama nalo. Wapulizaji wana bendi yao, hukutana na watu wa nyuzi kwa kazi maalumu. Shule kubwa huwa na okestra mbili au tatu zilizopangwa kwa uwezo, na usaili wa wiki ya kwanza kazi yake kubwa ni kuwapanga watu mahali pao. Ndani ya okestra fidla hugawanywa mafungu mawili, ya kwanza na ya pili, na wapigaji hukaa wawiliwawili wakitumia stendi moja ya karatasi. Viti vina daraja. Anayekaa kiti cha kwanza cha fidla ya kwanza ndiye kiongozi wao, na katika shule nyingi viti hubadilishwa mwaka unapoendelea, watu wakisailiwa upya. Akiwekwa fidla ya pili, kiti cha nyuma kabisa, msilie. Fidla ya pili hupiga sauti ya chini ya ile inayosikika, na mtoto wa sikio huko hujifunza upesi kuliko mahali pengine popote.

Kuchekwa? Mahali pengine wasaili huwapa wanafunzi namba badala ya majina na kukaa nyuma ya pazia au kuwapa mgongo. Okestra kubwa za Marekani zilianza kuuzoea utaratibu wa pazia miaka ya 1970, mpaka wengine wakatandika zulia ili kishindo cha viatu kisimtambulishe mpigaji kuwa ni mwanamume au mwanamke. Nami niliyekaa kwenye meza za kuchagulia watoto wa matamasha hapa nyumbani, nikasikia "huyu ni wa nani?" kabla hata chombo hakijatolewa mfukoni, pazia lile nalionea wivu.

Nije kwenye jambo ambalo barua yako haikulitaja, nami nimelipata kwa babu mtu nilipompigia simu. Fidla yake ameifunga sol-re-sol-re, toka uzi wa chini hadi wa juu, kama wafungavyo wapigaji wengi wa Kiarabu, Misri na kwingineko. Okestra za Kizungu hufunga sol-re-la-mi, ambazo wao huziita G, D, A, E. Maana yake nini kwa binti? Nyuzi mbili za chini hazibadiliki. Mbili za juu zinapanda sauti nzima kila mmoja, na vidole vyake, ambavyo vimezoea kwamba alichokifanya chini ndicho anachokirudia juu, vitakuta nyumba imepangwa upya. Hili ndilo litakalomtoa jasho, kuliko hata nota. Basi lianzwe wiki hii. Zile nyuzi mbili za juu zisivutwe zilivyo: nyuzi kuukuu zilizozoea kulegea hukatika, na wa mi ukikatika huruka karibu na jicho. Nunueni mpya, zifungwe pole pole kwa siku kadhaa mpaka zitulie. Na asiifunge fidla hiyohiyo asubuhi Kizungu jioni Kiarabu, haitakaa katika sauti kamwe. Kama kuna mtu wa kikundi anayeweza kumwazima fidla ya pili, moja ibaki ya harusi na nyingine iwe ya Septemba.

Skeli. Hajui kwamba anazijua. Mwambie aanze na sol ya uzi mtupu wa chini kabisa, apande sauti moja moja oktava mbili, aishie kidole cha pili cha uzi wa mi, ashuke. Hiyo ndiyo G meja ya oktava mbili, na yote hupigwa bila kuuhamisha mkono kutoka mahali pake. Ya pili awe na D meja, inayoanzia uzi mtupu wa re. Apige kwa upinde mrefu, sauti moja kwa pigo moja, metronomu ya simu, yaani kihesabu mapigo, ikiwa mapigo 60 kwa dakika. Wasaili hawapimi mbio. Wanachosikiliza kwenye skeli ni kama kidole kimeangukia mahali pake, kama sauti ya upinde ni safi toka mwanzo wake hadi ncha, na kama mapigo yamelingana. Mtoto aliyelelewa na fundi wa sikio hapo ana mtaji, ila lazima nimtahadharishe jambo moja.

Taarabu tumeirithi pamoja na maqamu za Kiarabu, yaani skeli zao, kila moja na jina lake na ladha yake. Rasti ina ile sauti ya tatu iliyoketi katikati, si ya juu wala ya chini, na bayati nayo ina ya kwake ya pili. Sikio la babu yake linaitaka pale pale ilipo, na ndipo utamu ulipo. Msaili wa Minnesota ambaye hajalelewa nayo ataandika kwenye karatasi yake kwamba mtoto kakosa sauti. Kwa hiyo akiwa kwenye skeli za meja asiiache rasti imponyoke kidoleni. Zoezi lake ni hili: aweke sauti ya kudumu ya sol kwenye simu au kinanda, apige skeli juu yake, na kila akifika ya tatu asimame aisikilize mpaka imekaa. Zipo programu za simu zinazoonyesha sauti imepanda au imeshuka, za bure. Azitumie kuhakikisha, asizitumie kupiga. Jicho likizoea kuongoza kidole, sikio linalala.

Kusoma nota hakuna njia ya mkato, lakini kwa mwenye fidla mlango ni mpana kuliko watu wanavyodhani. Mistari ni mitano. Uzi wa sol huandikwa chini kabisa, nje ya mistari, chini ya vijistari viwili vya nyongeza. Uzi wa re unaning'inia chini ya mstari wa kwanza. La yumo katika nafasi ya pili, mi katika nafasi ya nne, ya juu kabisa. Akishazijua hizo nne kwa macho, zilizobaki ni vidole vitatu juu ya kila uzi, na vidole anavyo. Kinachomshinda mtu wa sikio kwa kawaida ni muda: nota hii inakaa pigo moja, hii mbili, hii nusu. Hilo ajifunze bila fidla. Apige makofi mdundo ulioandikwa huku akihesabu kwa sauti, kila siku mistari michache, na kila siku karatasi mpya. Akiirudia ya jana ataipiga kwa sikio na kujidanganya kwamba ameisoma, watoto wenye kipaji ndio mafundi wa hila hiyo.

Nani wa kumfundisha hapa Tanga? Walimu wengi wa kwaya wameishika solfa, yaani nota za herufi za do-re-mi, ambayo ni nzuri lakini sicho atakachowekewa mbele. Mtafute mpulizaji mstaafu wa bendi ya polisi au ya jeshi. Hao walisomeshwa mistari mitano, na nidhamu wanayo ya kutosha na kubaki. Haidhuru hajui fidla. Nota ya tarumbeta na ya fidla zimeandikwa kwa ufunguo mmoja, yaani alama ileile ya mwanzo wa mistari.

Siku yenyewe, akipewa karatasi, ile nusu dakika asiitumie kutazama mwanzo. Atazame alama za mwanzo wa mstari aone ni skeli gani, atazame hesabu ya mapigo, kisha macho yake yakimbilie mahali penye msongamano wa nota, pale aguse vidole kimyakimya. Aanze taratibu kuliko anavyotaka. Akikosea asirudi. Hili nalisema kwa nguvu kwa kuwa wapigaji wa sikio wana tabia ya kurudi kurekebisha, sikio linawauma. Katika okestra wenzako hawakusubiri. Aliyekosa nota mbili akaendelea anapewa alama kuliko aliyezirudia akazipata.

Kipande sasa. Cha kwanza kiwe kilichoandikwa, kifupi, ambacho anakimudu kwa raha hata akiwa na homa. Watu wengi huanguka kwa kuchagua kigumu ili waonekane. Lakini katika ile barua pepe aulize pia kama anaweza kuongeza dakika moja ya kwao. Wakikubali, apige sehemu ya bashrafu aliyoizoea, ule muziki wa taarabu wa vyombo bila kuimba, na achague iliyo katika maqamu ya nahawandi au ajamu, ambazo sauti zake zote zinapatikana hata kwenye piano, kwa hiyo hakuna atakayedhani amekosea. Mapambo yake ya vidole ayaache hapo yote. Kwenye kipande cha kwanza ayafungie kabatini, maana watakuwa wanasikiliza kama mtoto huyu anaweza kupiga sawa na wenzake kumi na wawili, upinde ukipanda wote umepanda, ukishuka wote umeshuka.

Kuhusu kuiacha fidla akasome masomo tu: kule okestra ni somo kwenye ratiba, lina kipindi chake na maksi zake. Na mtoto wa miaka 15 aliyetua ugenini Septemba, majira ya baridi yakimjongelea na Kiingereza chake kikiwa cha darasani, anahitaji chumba kimoja ambamo atakaa kati ya watu bila kulazimika kuzungumza. Apelekwe.

SWALI: Mwalimu, amani iwe juu yako. Nimesikia binti yangu amekuandikia kuhusu mjukuu wangu. Fidla nimeipiga tangu ujana wangu nikiwa Unguja, kisha nikahamia hapa Tanga wakati watu wote wamelewa magitaa ya vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, sisi wa fidla tukaonekana wazee kabla ya umri. Nina machache. Mosi, nachelea hao Wazungu watamkausha mkono mtoto, apige kama saa ya ukutani. Pili, anakwenda na fidla yangu. Ukichungulia kwenye tundu, ndani mna karatasi imeandikwa Antonius Stradivarius Cremonensis, mwaka 1721. Nimeambiwa hizo zinauzwa mamilioni ya dola. Asije akanyang'anywa uwanja wa ndege. Tatu, kuna baridi huko.

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Naanza na la pili, maana najua ndilo linalokunyima usingizi.

Stradivari alifariki mwaka 1737 mjini Cremona, Italia, na vyombo vyake vilivyobaki duniani vinakadiriwa kuwa kama 650, karibu vyote vinajulikana viko wapi. Fidla zenye karatasi ya jina lake ni nyingi mno kuliko hizo. Viwanda na mafundi wa majumbani wa Saksonia, Ujerumani, na wa Bohemia, walizitengeneza kwa maelfu mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wakabandika jina hilo kuonyesha ni umbo gani wameliiga. Hawakuwa wakimdanganya mtu, wanunuzi wa wakati ule walijua. Chukua tochi utazame chini ya maandishi hayo. Ukiona neno Germany, yaelekea ni ya baada ya 1891, Marekani ilipoanza kutaka bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka. Ukiona Czechoslovakia, haikutengenezwa kabla ya 1918, kwa kuwa kabla ya hapo nchi hiyo haikuwepo. Haidhuru, mzee wangu. Mbao za miaka mia moja zilizopigwa kila wiki husema vizuri, na nimeisikia yako harusini Ngamiani. Itamfaa kuliko mpya ya dukani.

Uwanja wa ndege wanaweza kumsumbua kwa jambo jingine kabisa. Tazama ncha ya upinde. Kipande kile cheupe kwenye pinde za zamani wakati mwingine ni pembe ya ndovu, na Marekani iliibana mno biashara na uingizaji wa pembe mwaka 2016. Chombo cha muziki chenye pembe huhitaji vibali vyake. Kipande hicho kikiwa mfupa au plastiki hakuna neno, ila afisa hatakuwa na muda wa kubishana nawe. Kama huna hakika, upinde huo ubaki na wewe, mjomba amnunulie wenye ufito wa kaboni. Hauogopi joto wala baridi, na bei yake si ya kutisha.

Fidla yenyewe asikubali kuipakia na masanduku. Mashirika ya ndege ya Marekani yanabanwa na kanuni ya serikali yao, iliyoanza kutumika Machi 2015, kuruhusu chombo kidogo kama fidla kiingie na abiria ikiwa kinatosha kwenye kabati la juu na nafasi ipo wakati anapopanda. Neno kubwa hapo ni wakati anapopanda, basi awe miongoni mwa wa kwanza. Shirika atakaloondoka nalo hapa nyumbani liulizwe lenyewe. Nyuzi zilegezwe kidogo tu. Zikifunguliwa zote, kijidaraja kinachoziinua nyuzi kitaanguka, na kile kijiti kilichosimama ndani bila gundi kitaanguka nacho, na kukisimamisha ni kazi ya fundi.

Baridi yenyewe si adui. Adui ni ukavu. Fidla yako imeishi maisha yake yote kwenye unyevu wa bahari. Minnesota wakati wa baridi nyumba hupashwa moto mpaka hewa ya ndani hukauka, mbao husinyaa, vigingi vya kukazia nyuzi hulegea vyenyewe usiku, maungio huachia, na kibaya zaidi ubao wa mbele huweza kupasuka. Anunuliwe kipima unyevu kidogo cha kuwekwa ndani ya kasha, na kule kijibomba cha sponji chenye maji kinachoingizwa kwenye tundu la fidla. Unyevu ukikaa kati ya asilimia 40 na 60 yuko salama. Asiiweke karibu na kipasha joto wala kuiacha ndani ya gari. Kigingi kikiteleza akikaze huku akikisukuma ndani. Hilo wewe mwenyewe ulimfundisha, ila kwa sababu nyingine.

La kwanza ulilosema, kuhusu mkono kukaushwa, sikubaliani nawe, kwa heshima zote. Kule watamtaka apige wanachotaka wao, ndiyo. Watamnyoosha upinde, watamkataza kuteleza kutoka sauti hadi sauti pale wenzake wasipoteleza. Lakini wewe mwenyewe ulipokaa na wapiga fidla wenzako Unguja mkimjibu mwimbaji, ulipiga jibu lako peke yako? Mlijibu kwa sauti moja, na aliyeongeza nakshi mahali pasipo pake alitazamwa kwa jicho baya. Mtoto anakwenda kwenye nidhamu unayoijua. Linalonitia wasiwasi mimi ni kinyume chake: kwamba atarudi likizo amefunga sol-re-la-mi, wewe ukatae kupiga naye. Usikatae. Na kabla hajaondoka mrekodi kwenye simu, bashrafu zote unazozikumbuka, moja moja, wewe ukipiga taratibu na kumtajia maqamu. Kusoma nota atafundishwa na yeyote. Zile bashrafu, kwa ninavyojua mimi, hapa Tanga zimebaki kwa watu wachache mno.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mwalimu mwenzio wa sekondari, barabara ya Pangani. Wanafunzi wameona okestra za shule za nje kwenye simu zao na sasa wanataka yetu. Tuna fidla mbili, gitaa tatu, kinanda kimoja na watoto arubaini waliojiandikisha. Nitawasaili vipi?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, usiwasaili kwa vyombo ambavyo hawajavishika. Utachagua watoto wenye vyombo nyumbani, basi. Waimbie sentensi fupi ya muziki wakurudishie. Pigia makofi mdundo, warudie. Wape kazi ya kukaa kimya mapigo manane kamili huku wewe hupigi, kisha waingie pamoja, na hiyo ya mwisho ndiyo itakayokuonyesha nani anahesabu moyoni na nani anamtazama jirani. Wote arubaini hutawamaliza siku moja, na hakuna haja.

Kuhusu fidla mbili, okestra ya kanisa la Kimbanguiste ya Kinshasa, Kongo, ilianza mwaka 1994 ikiwa na watu wengi na fidla chache. Walipokezana, mmoja akipiga wenzake wakisubiri zamu, na uzi ukikatika waliwahi kutumia waya wa breki ya baiskeli. Tanga kwa baiskeli hatuna shida, ingawa nakuomba usifike huko, waya ule unaila shingo ya fidla. Kilichowafikisha mbali ni kukutana kufanya mazoezi jioni baada ya jioni. Anza na fidla mbili, magitaa yako, sauti za watoto na ngoma. Ukisubiri cello utastaafu.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nipo kidato cha tatu, Bagamoyo. Napiga tarumbeta bendi ya shule. Mwezi ujao mwalimu anachagua saba tu wa kwenda kupiga kwenye sherehe. Nyumbani napiga vizuri, mbele ya mwalimu mdomo unakauka na sauti ya juu haitoki. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Mdomo hukauka kwa woga, si kwa ugonjwa. Kunywa maji, si soda, sukari hufanya mate yawe mazito. Mpaka siku hiyo ifike fanya hivi: panda ngazi mbio au kimbia ufukweni mpaka moyo unadunda, kisha shika tarumbeta hapohapo upige kipande chako. Mwili ujifunze kupiga huku moyo unakwenda mbio, maana siku ile utakwenda mbio tu. Sauti ya juu usiitafute kwa kubana kinywa cha tarumbeta mdomoni, itafute kwa pumzi. Siku moja kabla piga sauti ndefu za chini kwa muda mfupi, kisha uache, midomo ipumzike. Asubuhi yake anza tena na sauti ndefu kabla ya kitu kingine. Valvu zako zitie mafuta usiku, na umwage maji yote yaliyomo ndani kabla hujaitwa jina.